Filta ya ngazi ya kujiunganishia: sauti tamu, mfuko wa vipuri una mtego

Nianze na sauti, maana ndiyo iliyonizuia kuitupa filta hii, kifaa cha sinthesaiza kinachopunguza ukali wa sauti. Ukiingiza wimbi la meno ya msumeno (sauti kali ya kielektroniki) na kuzungusha taratibu nobu ya kukatia, inayoamua ukali ukatwe kuanzia wapi, ukali unamenyeka kidogo kidogo mpaka inabaki besi nene, kama ngoma iliyofunikwa blanketi. Kinanda changu cha harusini hakijawahi kunipa kitu hicho.

Seti yenyewe ni bodi tupu, mfuko wa vipuri na karatasi mbili za maelezo. Niliagiza mtandaoni, ikanifikia Dar baada ya wiki tano. Mchoro ni ule wa ngazi ya transista ambao Robert Moog alipewa hataza yake mwaka 1969: jozi nne za transista zimepandana, kila jozi na kapasita yake. Kila jozi inapunguza sauti zilizo juu ya mkato kwa desibeli 6 kwa oktava, zote pamoja 24. Jozi ya tano iko chini kabisa, ndiyo inayopokea sauti.

Kulehemu kulinichukua jioni moja. Nikaunganisha umeme, volti 12 chanya na 12 hasi (mstari mwekundu wa waya bapa ukae upande wa hasi, ukikosea hapo unaviaga vipuri), nikapiga noti. Sauti ilitoka dhaifu, kama iko chumba cha jirani. Nobu ya kukatia ilifanya kazi nusunusu. Ya rezonansi, inayokuza sauti za pale mkato ulipo, haikufanya lolote, wakati filta ya aina hii ukiifungua mpaka mwisho inatakiwa ipige mluzi yenyewe.

Nikashuku lehemu yangu. Kweli nikakuta nukta moja kavu kwenye tundu la kutolea sauti, nikairekebisha kwa furaha, haikusaidia. Nikabadilisha op-ampu (chipu ya kukuza sauti). Nikapima transista: kati ya mguu wa katikati na ule ulioandikwa E kwenye bodi, kila moja ilisoma volti 0.6, sawasawa na inavyotakiwa. Hapo nilipotea wiki nzima, mita inaniambia wagonjwa wote ni wazima.

Siri ilitoka siku nilipovaa miwani. Bodi imechapwa 2N3904, ndani ya mfuko walitia BC547. Zote ni transista za aina moja (NPN), umbo moja, lakini ukizitazama upande bapa miguu ikiwa chini, 2N3904 inaanza kushoto na emita (ile E), besi, kolekta, ndiyo majina ya miguu yake mitatu; besi hii si ile ya muziki. BC547 ni kolekta, besi, emita. Zote 10 nilizipachika kinyume kwa kuitii picha ya bodi! Transista ikigeuzwa hivyo haifi, inafanya kazi kivivu tu, na ile 0.6 utaisoma vilevile kwa sababu upande wa kolekta nao ni makutano kama ya daiodi. Nilichomeka moja iliyobaki kwenye tundu la hFE la mita, linaloonyesha transista inakuza mara ngapi: ikikaa sawa ilizidi 300, nikiigeuza ilisoma 6. Karatasi za maelezo haziligusi jambo hili hata kwa neno moja.

Sikuzirudisha zilezile. Nilinunua BC547 hamsini Kariakoo, nikazipima moja moja ile volti ya 0.6 na kuoanisha zinazopishana chini ya milivolti 2. Usizishike kwa vidole wakati huo: kila nyuzi moja ya joto inashusha karibu milivolti 2, namba zinakimbia huku unazitazama. Feni nayo nilizima, Dar, mwezi wa pili. Jasho lilidondokea mezani.

Sasa inapiga mluzi safi. Rezonansi ikipanda, besi inapungua. Hiyo ni tabia ya mchoro wenyewe, usianze kutafuta kosa. Mluzi pia unahama noti chumba kikipata joto, kwa hiyo sitegemei kuupigia melodi.

Bodi naisifu: shaba ngumu, imevumilia kufumuliwa miguu 30 bila kubanduka. Wanaiuza pia bila vipuri, na nikirudia nitachukua hiyo. Muuzaji nilimwandikia kuhusu transista. Alinijibu kwa kunitumia karatasi zilezile za maelezo, safari hii za rangi.