Darubini ya 10x50 na Rangi za Nyota: Tathmini Baada ya Miezi Mitatu

Nilinunua darubini hii ya macho mawili, inayokuza mara 10, kwa kusudi moja tu: kuziona rangi za nyota. Kwa macho matupu nyota nyingi huonekana nyeupe, kwa kuwa seli za jicho zinazotambua rangi huhitaji mwanga mwingi, na nyota hafifu haitoi wa kutosha. Lenzi yenye kipenyo cha milimita 50 hukusanya mwanga takriban mara 50 ya ule unaopita katika mboni iliyopanuka hadi milimita 7, na hapo ndipo rangi hujitokeza.

Nilianza na Jabari (Orion), kundi la nyota lenye umbo la mwindaji, ambalo mwishoni mwa Januari, saa tatu usiku, huwa karibu utosini kwetu Dar es Salaam. Nilielekea begani kwake, kwenye Betelgeuse, nikazungusha kidogo gurudumu la katikati mpaka nukta ile ikapoteza ukali na kutanuka kama kisahani. Kisahani hicho kilikuwa cha rangi ya machungwa iliyokolea, mfano wa kaa linaloanza kufifia. Nikashuka hadi Rigel, ambayo jina lake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mguu, nikakuta weupe wenye ubuluu. Tofauti hiyo ni kipimo cha joto: uso wa Betelgeuse una takriban nyuzi 3,300 za Selsiasi, wa Rigel takriban 12,000, na wa Jua letu 5,500. Mhunzi huliona jambo hilo kila siku, maana chuma motoni huanza kwa wekundu, kikaingia umanjano, kisha kikakaribia weupe. Wekundu ambao sisi huuhesabu kuwa ndio ukali wa moto ni alama ya nyota zilizopoa kuliko nyingine.

Kilimia ndicho kilichonigusa zaidi. Nyota sita au saba ambazo wakulima wamezitazama tangu enzi zilizidi makumi ndani ya lenzi, na zile angavu zote zilikuwa za buluu, kwani ni nyota changa, zenye umri wa takriban miaka milioni 100, na bado ni moto sana.

Kasoro ipo, nayo inahusu rangi zenyewe. Sirius, nyota angavu kuliko zote za usiku, ilizungukwa na ukingo wa zambarau usio wake, kwa kuwa lenzi hizi hazikusanyi rangi zote mahali pamoja. Kwa nyota angavu kiasi hicho, rangi ya katikati ndiyo ya kuaminiwa. Vilevile nyota iliyo karibu na upeo wa macho humetameta rangi nyingi kwa sababu ya hewa, hata kama darubini ni ya bei kubwa.

Uzito wake huchosha mikono baada ya dakika chache, na stendi haikuwamo kwenye boksi. Nimeinunua kando, na Julai, nyota nyekundu Antares itakapokuwa juu jioni, nitaitumia kuutazama wekundu wake bila kutikisika.