Kozi ya sauti kuhusu kutukuzwa: nyota nne, na ile moja nawaambia kwanini nimeikata

Nimesikiliza masomo yote ya hii kozi, mengine nimeyarudia, na naandika kirefu kwasababu nilipokuwa natafuta maoni ya watu kabla ya kuanza nilikuta wengi wameandika tu "nimebarikiwa sana" basi, sasa mtu anayetaka kujua kama itamfaa au la anabaki pale pale. Kwahiyo mnivumilie.

Ni masomo ya sauti, kila somo lina notisi zake na maswali mwishoni, na mada ni moja mwanzo mpaka mwisho: kutukuzwa. Yaani ile hatua ya mwisho kabisa ya wokovu, pale Mungu anapoikamilisha kazi yake kwa mwamini, roho na mwili, dhambi haimo tena ndani yake na kifo hakina tena kauli juu yake. Kuhesabiwa haki, yaani Mungu kumkubali mwenye dhambi kuwa mwenye haki kwa imani, tunafundishwa, utakaso, yaani kukua katika utakatifu, tunafundishwa mpaka semina zinaandaliwa, ila hili la tatu wengi wetu tunalisikia msibani tu, na hata pale linapitishwa haraka haraka, "amepumzika, yuko mbinguni", tumemaliza. Mtu anaweza kukaa kanisani maisha yake yote akadhani mwisho wa safari ni roho kwenda juu, kumbe Biblia inasema bado kuna kubwa zaidi mbele.

Mwalimu anaanzia Warumi 8:29-30, na haendi mbio. Aliowajua, aliowachagua, akawaita, akawahesabia haki, "hao akawatukuza". Anauliza swali ambalo kwakweli sikuwahi kulifikiria, kwamba hawa watu Paulo anaowaandikia bado wanaugua na wanateseka, mistari michache tu juu yake katoka kuyataja mateso ya wakati huu wa sasa, halafu anawezaje kulitaja jambo la mbele kana kwamba limeshakwisha? Jibu lake ni kwamba uhakika wake uko kwa anayefanya, hauko kwa anayefanyiwa. Ni Mungu aliyeanza na ni Mungu anayemaliza. Nilichopenda, hakuficha kwamba Wakristo hawakubaliani hapa, anaeleza vizuri kabisa kwamba Wakalvini, wafuasi wa mafundisho ya Yohane Kalvini, wanausoma huu mnyororo kama ahadi kwamba hakuna hata mmoja anayedondoka katikati, na Waarminia, wanaofuata mafundisho ya Yakobo Arminio, wanasema ahadi ni ya wale wanaodumu katika imani, na anazipa pande zote mbili hoja zao bila kejeli. Mi msimamo wangu naujua lakini nilifurahi kusikia upande wa pili ukielezwa kama wenyewe wanavyoueleza.

Sasa somo la mwili. Jamani. Kama hamna muda wa kozi nzima sikilizeni hili.

Anaenda kwa Yesu mwenyewe baada ya kufufuka, kwasababu Wafilipi 3:21 inasema mwili wetu wa unyonge utabadilishwa ufanane na mwili wake wa utukufu, kwahiyo ukitaka kujua utakuwaje umwangalie yeye. Luka 24, wanafunzi wanadhani wanaona roho, anawaambia nishikeni-shikeni, halafu anakula samaki mbele yao. Yohana 20, milango imefungwa na yeye yuko katikati yao, na alama za misumari bado ziko mikononi, Tomaso anaambiwa alete kidole chake. Ni mwili ule ule uliosulubiwa, kaburi lilikuwa tupu kwasababu ule ule ndio ulitoka, lakini haufi tena. Halafu anahamia 1 Wakorintho 15, hupandwa katika udhaifu hufufuliwa katika nguvu, hupandwa mwili wa asili hufufuliwa mwili wa roho, na anasahihisha ule usomaji wa watu wengi kwamba mwili wa roho ni kitu kama moshi au kivuli. Paulo anasema ni mwili unaoishi kwa Roho wa Mungu, mwili kweli kweli. Anagusa pia wanatheolojia wa Zama za Kati, Thomas wa Akwino na wenzake, walivyoorodhesha sifa nne za mwili huo: hauumwi, unatii roho kikamilifu, ni mwepesi kwenda, na unang'aa. Hapo alikuwa anapita tu, lakini mimi nilisimamisha odio nikatafuta zaidi.

Niseme kwanini somo hili limeniingia. Nimemuuguza mtu wangu wa karibu aliyepooza upande mmoja, na aliyewahi kuuguza anajua, unamgeuza usiku asipate vidonda, unamwogesha, unamfuta mdomo, ule mkono ambao zamani ulikuwa unakushika wewe sasa unauinua wewe na ukiuachia unaanguka kitandani wenyewe. Watu wakija kutufariji walikuwa wanasema mwili ni ganda tu, cha muhimu ni roho. Walisema kwa upendo na nawashukuru. Lakini ule mkono sio ganda, ni yeye. Na huyu mwalimu ndo mtu wa kwanza niliyemsikia akisema waziwazi kwamba Mungu hautupi mwili, kwamba tumaini la Mkristo kwenye Warumi 8:23 ni ukombozi wa mwili wetu, na kwamba Kristo hajakomboa nusu mtu. Nililia, nasema ukweli, na nikamwekea na mgonjwa wangu asikilize.

Somo la kutokuweza kutenda dhambi nalo ni zuri. Linaegemea kwa Agostino, yule askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, kwamba Adamu aliumbwa akiwa na uwezo wa kutotenda dhambi, sisi baada ya anguko hatuwezi kuikwepa kwa nguvu zetu, na katika utukufu mwamini hatoweza kuitenda tena. Watu huuliza sasa uhuru uko wapi, tutakuwa kama mashine? Agostino anajibu kwamba huo ndio uhuru mkubwa zaidi, kwasababu utashi hauvutwi tena na kinachouangamiza, na Mungu mwenyewe hawezi kutenda dhambi na hakuna aliye huru kumzidi. Nimelitafakari sana hilo, hasa mimi ninayepigana na hasira zangu, kwamba itafika siku sitakuwa naishinda hasira kwa shida, haitakuwepo kabisa. Na 1 Yohana 3:2 inatoa sababu, tutafanana naye kwa maana tutamwona kama alivyo. Kumwona ndiko kutakakotugeuza.

Kuna somo la Waorthodoksi pia ambalo sikulitarajia kwenye kozi ya Waprotestanti. Linaeleza fundisho lao la mwanadamu kushirikishwa uzima wa Mungu, kuanzia 2 Petro 1:4, kupitia Athanasio wa Aleksandria karne ya 4, mpaka Gregori Palama karne ya 14 na hoja yake juu ya nuru ya mlimani Yesu alipogeuka sura, kwamba tunashiriki nguvu za Mungu zinazotujia wala sio asili yake isiyofikika. Na hapo hapo mwalimu anakemea yale mahubiri ya "wewe ni mungu mdogo", anasema hakuna hata mmoja kati ya hao mababa aliyefundisha kiumbe anageuka kuwa Muumba. Halafu anapiga na wale wanaohubiri utukufu kama mafanikio ya hapa hapa, anawasomea Warumi 8:17, tukiteswa pamoja naye ili tutukuzwe pamoja naye. Hilo lilihitajika, tena angekaa nalo zaidi.

Nyota niliyokata sasa. Ni somo la hali ya kati, yaani mtu akifa leo na ufufuo bado, yuko wapi na yuko katika hali gani. Hili ndo swali ambalo kila mfiwa anauliza, na kozi imelipa somo fupi kuliko yote! Anataja Katekisimu Fupi ya Westminster ya 1647, yaani maswali na majibu ya imani ya Waprotestanti, kwamba roho za waamini zinakamilishwa katika utakatifu wanapokufa na kuingia utukufuni mara moja, huku miili ikipumzika makaburini ikiwa bado imeunganishwa na Kristo mpaka ufufuo, safi kabisa. Lakini Wakatoliki wanapewa sentensi mbili tu, hataji hata tamko la Papa Benedikto wa XII la 1336 kwamba roho zilizokwisha kutakaswa zinamwona Mungu hata kabla ya ufufuo, na toharani, yaani kutakaswa baada ya kifo, inatajwa kwa jina tu. Waadventista na fundisho lao la kwamba wafu wamelala mpaka ufufuo wanapitwa kabisa. Mtu mwenye ndugu wa madhehebu tofauti, na wengi tuko hivyo, anahitaji kujua wenzake wanaamini nini kabla hajabishana nao kando ya kaburi.

Mengine ni madogo. Sauti ni safi, mafaili unayadaunilodi ukasikiliza bila intaneti, mwalimu anaongea taratibu. Notisi zina makosa ya uchapaji, mojawapo inakuelekeza 1 Wakorintho 13 wakati anazungumzia 15, mtu mgeni na Biblia ataenda kusoma habari za upendo akitafuta ufufuo. Na maswali ya mwishoni yanapima kama umekariri mstari, hayapimi kama umeelewa, mngeuliza tu "mweleze aliyefiwa mstari huu unamwambia nini" mngepata majibu ya maana zaidi.

Nani aichukue? Walimu wa Biblia, wachungaji wanaohubiri misibani, na yeyote anayeishi na mwili unaouma au anayemtunza mwenye nao. Kama wewe ni mpya kabisa kwenye imani anza kwanza na mafundisho ya kuhesabiwa haki halafu urudi, la sivyo Warumi 8 itakupita juu.

Na waandaaji kama mnasoma hapa, toleo lijalo wekeni somo la uumbaji. Warumi 8:19-22 imekaa hapo hapo katikati ya sura mnayoitumia kozi nzima, Paulo anasema viumbe vyote vinaugua vikingoja kuwekwa huru viingie katika uhuru wa utukufu wa watoto wa Mungu, na nyie mmeiruka mkaenda mstari wa 23. Nimengoja mpaka somo la mwisho nikidhani mtairudia.