Nebulaiza kwa bata bukini anayebanwa na kifua: uzoefu wangu, Tanga

Nianze na kasoro. Mashine hii haikutengenezwa kwa ajili ya bata. Kwenye boksi kuna picha ya mtoto kavaa barakoa, na maelekezo yote ya ndani yanamhusu mgonjwa anayekubali kukaa kwenye kiti. Mgonjwa wangu ana mdomo wa rangi ya chungwa, shingo ndefu, na tabia za mjumbe wa nyumba kumi aliyepitwa bila salamu. Jina lake ni hilo hilo, Mjumbe. Hapa kwetu Sahare haingii mgeni uani, awe muuza samaki au mama mkwe, mpaka ahojiwe.

Ninayoieleza ni nebulaiza ya kompresa, yaani pampu ya hewa inayopuliza dawa ya maji ikawa mvuke wa matone madogo ya kuvuta, ile ya kuweka mezani na kuchomeka kwenye umeme, wanayotumia watu wenye pumu. Nimeitumia masika yote kwa bata bukini mmoja wa kilo tano hivi, na bado nzima. Mwenye kuku mia mbili bandani haya hayamhusu. Yanamhusu mtu mwenye ndege mmoja au wawili anaowapenda, ambao hayuko tayari kuwachinja kwa sababu tu wameanza kukoroma.

Maana kuchinja ndio ushauri niliopewa kwanza, tena na watu wazima wenye busara zao: "Mchinje kabla hajafa kibudu." Wa pili akasema nimpige nyungu. Wa tatu, muuzaji wa duka moja la dawa za mifugo mjini, hakuuliza hata bata anaumwaje. Mkono ulishafika kwenye pakiti ya ule unga wa njano wa antibiotiki wanaopewa kuku wa mtaa mzima kwa kila kitu, kuanzia kuhara hadi huzuni. Sikuununua. Nilitaka kwanza mtu amguse.

Kuhusu dalili, niseme jambo linalowachanganya wengi wa pwani. Saa nane mchana Tanga kila ndege anafungua mdomo. Bata hatoki jasho, anajipoza kwa kuhema, kwa hiyo mdomo wazi peke yake hausemi kitu. Mtazame alfajiri, kabla jua halijachomoza, akiwa katulia. Mjumbe saa hizo alikuwa kanyoosha shingo mbele, mdomo wazi, na mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi. Huo mkia ndio wa kuangalia. Sauti nayo ilianza kukwaruza, baadaye akawa anamfokea mwenye bodaboda na inatoka hewa tupu. Alikuwa bado anakula, ila ukimpapasa kidari unaukuta mfupa umechongoka kuliko zamani. Manyoya ya bata yanaficha sana kukonda. Macho peke yake hayatoshi.

Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki, kijana wa rika la mdogo wangu wa mwisho. "Shikamoo dada." Marahaba. Akapita moja kwa moja kwa mgonjwa, akaweka kipimo cha kusikilizia mgongoni, katikati ya mabawa. Nikadhani kakosea mahali. Akanieleza kwamba mapafu ya ndege yamejibana juu, kwenye mbavu za mgongo, na hayatanuki kama yetu. Ndege hana ule msuli wa kiwambo unaotenga kifua na tumbo. Hewa inavutwa na mifuko ya hewa, kwa ndege wengi ni tisa, iliyosambaa mwilini, na kinachoisukuma ni kidari kupanda na kushuka. Ndiyo maana ukimkumbatia bata mgonjwa kwa nguvu ukamkandamiza kifua, unamnyonga bila kumgusa shingo. Wala usimlaze chali. Mbebe wima, mkono mmoja chini ya tumbo, mabawa yakiwa yametulia ubavuni mwako, na kichwa kitazame nyuma kama hutaki kuumwa sikio.

Alimulika koo kwa tochi, akabonyeza taratibu juu ya matundu ya pua kuona kama kuna kamasi, akachukua kinyesi akakipime kwa hadubini, kwa kuwa iko minyoo inayokaa ndani ya koo la hewa ikamziba ndege pumzi. Minyoo haikuonekana. Kisha akauliza swali ambalo muuza duka hakuliuliza: "Analala juu ya nini?"

Analala juu ya pumba za mpunga. Paa la banda lilikuwa linavuja upande mmoja, na masika ilikuwa imeshakolea. Daktari akafukua kwa kijiti. Juu pakavu, chini pumba zimegandamana, nyeupe na kijani. "Dada, bila kumpiga picha au kumwingiza kamera ndani siwezi kukuapia. Lakini haya ninayoyaona yananipeleka kwenye ukungu." Ni fangasi aina ya Aspergillus, jamaa yake yule anayetia sumukuvu kwenye mahindi na karanga. Chembe zake zinaruka na vumbi, ndege anazivuta, zinaotea kwenye mapafu na mifuko ya hewa. Bata na mabata bukini ni wepesi kupatwa. Hauambukizi kutoka ndege mmoja hadi mwingine. Wakiugua wawili, ni kwa sababu wamelala kwenye takataka zile zile. Na antibiotiki haiui fangasi. Ule unga wa njano ungeniongezea hasara tu, na ungeweza kumwongezea mgonjwa udhaifu.

Aliuliza pia kama kuna ndege waliokufa ghafla kwetu au kwa jirani. Hawakuwapo. Kama wangekuwapo, habari ya mashine isingekuja kabisa: mdondo na mafua ya ndege ni mambo ya kumwita afisa mifugo wa kata mara moja, si ya kukaa karibu na ndege na kupuliza mvuke.

Sasa mashine. Akaandika vidonge vya kuua fangasi vya kumeza, na dawa nyingine ya fangasi ya kuvuta kwa mvuke. Sababu ya kutaka zote mbili ni kwamba mifuko ya hewa ina mishipa michache ya damu, hivyo dawa iliyopita tumboni inafika huko kwa shida. Dozi sitaitaja hapa hata mkiniuliza. Inapimwa kwa uzito, na dawa hizi zinaweza kuumiza ini.

Nebulaiza nilinunua kwenye duka la vifaa tiba jirani na Hospitali ya Bombo, shilingi 95,000. Kulikuwa na ndogo ya mkononi ya kutumia betri, haina kelele, nzuri kweli, lakini matone yake yanapita kwenye kiwavu chembamba na dawa nzito inakiziba. Daktari alinitahadharisha nisome kwenye boksi ukubwa wa matone. Kwa mtu, chini ya mikroni 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) yanatosha kufika mapafuni. Kwa ndege yeye alitaka chini ya 3. Yangu imeandikwa vizuri upande wa nyuma, kwa herufi za kutafutia miwani.

Barakoa niliiweka kando siku ile ile. Nilichukua tenga kubwa la kusafirishia kuku, nikatandika taulo chini, nikalifunika kwa nailoni nyepesi inayoonyesha, nikaacha uwazi wa kiganja kuzunguka chini ili hewa ipite. Mrija ukaingia ubavuni, usawa wa kichwa chake. Upande mmoja nikatupia kanga, kwa kuwa kwenye kivuli anatulia upesi. Mililita chache za dawa na saline, yale maji ya chumvi ya hospitali, zinaisha kwa robo saa hivi. Mvuke unajaa, unamwona kama yuko kwenye ukungu wa Lushoto, na mdomo wazi unaotusumbua sote hapo unakuwa na faida.

Fanyeni baada ya swala ya alfajiri. Mchana tenga lenye nailoni ni tanuri. Akitanua mabawa mbali na mwili huku akihema zaidi, hiyo ni joto. Fungua, usingoje dawa iishe. Usiondoke hata kidogo. Nilikuwa nakaa na kikombe changu cha chai ya tangawizi, tunatazamana.

Kelele ndiyo kero kubwa ya mashine. Inanguruma, na kila ikiwashwa Mjumbe alikuwa anaijibu kwa sauti yake ile mbovu mpaka anakosa pumzi. Niliiweka juu ya kanga iliyokunjwa, mbali kadiri mrija unavyofika, nikaiwasha kwanza bila dawa aizoee huku anakula mchicha. Akazoea, ingawa hajawahi kuisamehe. Na umeme ukikatika katikati, dawa iliyobaki kikombeni ni ya kumwaga. Hapo ile ya betri inaishinda.

Nirudi kwenye nyungu, maana najua swali litakuja. Tangu ile miaka ya korona kila nyumba ina fundi wa kujifukiza. Mvuke wa nyungu ni maji ya moto. Matone yake ni makubwa, yanaishia puani na kooni, na haubebi dawa ya fangasi. Joto lake linamtesa ndege asiye na jasho. Ukitia mikaratusi au dawa ya kuchua ndani yake ndiyo umeharibu kabisa, kwa kuwa mapafu ya ndege yananyonya hewa kwa ustadi mkubwa kuliko yetu na sumu yanaichukua kwa ustadi ule ule. Nyumbani tulihamisha hata chetezo. Ubani wa Alhamisi jioni sasa unafukizwa chumba cha mbele, madirisha ya uani yakiwa yamefungwa. Mama mkwe alinuna kidogo. Jiko la mkaa nalo likahama.

Usafi wa mashine unachosha lakini hauna njia ya mkato: kikombe kilichobaki na unyevu kinaotesha ukungu, na kesho unampulizia mgonjwa kile kile unachomtibu. Naosha kwa maji ya moto na sabuni kila baada ya kutumia, nakung'uta, naacha vikauke juu ya kitambaa safi. Saline iwe ya famasi, ya asilimia 0.9, vichupa vidogo vya kufungua na kumaliza. Maji ya kisima yenye chumvi ya jikoni, hapana. Filta ya kompresa inafaa kuangaliwa mara kwa mara. Mashine inavuta hewa ya pale ilipo, kwa hiyo isikae karibu na vumbi la banda.

Amepona? Mkia umetulia, uzito umerudi karibu wote, naupima kwa ile mizani ya kuning'iniza. Sauti imerudi nusu, na daktari anasema huenda ikabaki hivyo. Siwezi kuipa nebulaiza sifa yote. Paa liliezekwa, pumba zote zikatolewa na kuchomwa mbali na nyumba, sasa analalia maranda makavu ya mbao yanayobadilishwa kabla hayajalowa, na ana beseni la maji lenye kina cha kuzamisha kichwa kizima aoshe pua zake. Vidonge vilikwenda kwa wiki nyingi. Mayai yake kipindi chote hicho tulikuwa tunafukia kwa sababu ya dawa, na daktari ndiye aliyesema lini tuache kufukia. Ningekuwa na fedha ya kitu kimoja tu, ningeezeka paa. Lakini kwa kufikisha dawa kifuani, sijaona kingine mtu wa kawaida hapa mjini anachoweza kukinunua na kukiendesha mwenyewe uani.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imeondoka na kelele.

Jirani yangu mwanawe ana pumu, akaniomba nimwazime mashine kwa kuwa Mjumbe sasa haihitaji kila siku. Nilimkatalia, na kwa heshima zote nikamweleza sababu: vikombe na mirija ya akiba inauzwa peke yake, lakini kompresa iliyokaa karibu na ndege mwenye ukungu msimu mzima si ya kumpa mtoto. Nikamwelekeza duka, na nikamwambia achukue ya kompresa.