Antena ya Nje ya Redio ya Ridhaa: Ipi Ununue Ukitaka Idumu

Kwa miaka mitatu kipimo changu cha SWR, kinachoonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinarudi badala ya kurushwa (1 ndiyo bora), kilinionyesha kwamba mambo yanazidi kunyooka. Pembeni mwa bendi, yaani kipande cha masafa ya mawimbi ninachotumia, kilianza na 1.8, mwaka uliofuata kikasoma 1.5, kisha 1.3, nami nikafurahi. Wakati huohuo wenzangu hewani walikuwa wakinisikia kwa taabu, kila mwezi afadhali ya jana. Nilipoishusha antena na kuikata kebo shubiri moja chini ya konekta, msuko wa shaba uliopaswa kung'aa ulikuwa mweusi kama masizi, na nilipoinamisha ncha yakadondoka maji. Kebo iliyolowa hula nguvu zinazopanda na zinazorudi. Zinazorudi zikishakuwa chache, kipimo husoma vizuri. Antena yenyewe, waya na vihami vyake (vipande visivyopitisha umeme), ilikuwa nzima kabisa.

Tangu siku hiyo, ninapochagua antena ya kukaa nje sianzi na desibeli, yaani inaongeza nguvu kiasi gani. Nauliza ina maungio mangapi, maji yataingilia wapi, na ikiharibika nitaweza kuishusha na kuitengeneza mwenyewe au la. Nafasi nilizozitoa hapa zimetokana na maswali hayo matatu. Antena niliyoiweka chini inaweza kabisa kuwa ndiyo inayofika mbali kuliko zote, ila itakudai kazi zaidi.

Kabla ya nafasi zenyewe, kuna jambo moja la kuangalia kwenye antena yoyote, nalo ni mahali metali mbili zinapokutana. Shaba ikigusa alumini penye unyevu, alumini huliwa, na karibu na bahari huliwa haraka zaidi kwa sababu ya chumvi. Kama kebo inafungwa kwenye mrija wa alumini, kati yao iwepo washa ya chuma cha pua au ncha ya shaba iliyopakwa bati. Bolti za kawaida zilizopakwa rangi ya fedha zikishika kutu hutazifungua tena bila msumeno.

Nafasi ya kwanza: dipoli ya waya

Ni waya mbili, kihami katikati, kihami kila mwisho, na kebo inashuka. Kwa bendi ya mita 40, karibu na 7.1 MHz, urefu wote ni kama mita 20. Kwa bendi ya mita 20 ni nusu ya hapo. Haina mrija wa kushika maji wala mota. Waya ikikatika unaishusha asubuhi, unailehemu, na mchana uko hewani tena.

Tofauti kati ya dipoli ya mwaka mmoja na ya miaka kumi iko kwenye waya na kwenye kihami cha katikati. Waya laini ya shaba inayotumika kwenye umeme wa nyumba hurefuka kwa uzito wake na kwa kuvutwa na upepo, na kadiri inavyorefuka ndivyo masafa ya mawimbi yake yanavyoshuka. Tafuta shaba iliyovutwa hadi ikawa ngumu, au waya yenye kiini cha chuma na ngozi ya shaba. Hii ya pili ina nguvu sana, lakini ngozi ikichubuka chuma huanza kushika kutu, kwa hiyo usiiburute kwenye mawe wala kuikunja kwa koleo. Waya ya nyuzi nyingi huvumilia kuyumba kuliko ya uzi mmoja, na yenye ganda hukaa miaka bila shaba kugeuka kijani. Ganda hilo huishusha masafa kidogo, basi utaikata fupi kuliko hesabu inavyosema.

Kihami cha katikati kishike mkononi kabla hujalipa. Kizuri kina tundu au ndoano ambamo waya inapita, inarudi na kujizungusha yenyewe, halafu kipande kilicholegea ndicho kinachokwenda kwenye lehemu. Vuta pande zote mbili kwa mikono. Ukiona lehemu ndiyo inayobeba uzito, kirudishe, maana msimu wa kwanza wa upepo utaikata. Vihami vya kauri au kioo havijali jua. Vya plastiki chagua vyeusi, kwa sababu vyeupe vya bei ya chini huwa vikavu na kumeguka kama ganda la yai.

Nafasi ya pili: antena za mirija zilizo wazi, kwa bendi ya mita 2

Kwa 145 MHz kuna aina mbili ninazozipenda. Moja ni fito iliyosimama na nyingine tatu au nne zinazotawanyika chini yake, kila moja kama sentimita 50. Nyingine ni ile yenye umbo la herufi J, iliyotengenezwa kwa mrija wa kama mita moja na nusu. Zote mbili ziko wazi, kwa hiyo mvua inapita na jua linakausha, nawe unaona kila ungio kwa macho. Ile ya J ya mrija wa shaba, ikiwa imelehemiwa vizuri kotekote, ni kama kipande kimoja cha metali, na mguu wake unaweza kuunganishwa moja kwa moja na ardhi, kwa hiyo chaji inayojikusanya kwa upepo mkavu inapata pa kushukia.

Kwenye aina ya kwanza, udhaifu uko kwenye konekta inayotazama chini. Ulizia kama ina kofia ya kuifunika, na kama fito zinafungwa kwa nati za chuma cha pua. Ndege wazito hukaa kwenye zile fito za chini na kuzikunja, ila kuzinyoosha ni kazi ya dakika mbili.

Nafasi ya tatu: fimbo ya faibaglasi

Hizi ndizo zinazonunuliwa sana kwa VHF na UHF (masafa ya juu, kama bendi ya mita 2 na zilizo juu yake), na sababu ipo: metali imefichwa, umbo ni jembamba, upepo hauishiki. Tatizo ni kwamba kilicho ndani hukioni. Ukiwa dukani, ilaze, kisha iinamishe polepole huku umeisogeza sikioni. Isigonge wala isichakarishe. Moja niliyouziwa kama mpya ilitoa sauti ya maji, na nilipoisimamisha kichwa chini yakatoka kwenye kitundu cha chini, yakiwa na rangi ya kutu.

Kitundu hicho ni cha maana sana. Kimewekwa ili mvuke unaogeuka maji ndani wakati wa baridi ya usiku upate pa kutokea. Wengi wanakiona, wanadhani ni kosa, wanakiziba kwa silikoni, na ndani ya mwaka fimbo imekuwa chupa. Kiache wazi na ukichokoe kwa waya nyembamba kila unapoishusha, kwa sababu wadudu hupenda kujenga humo.

Fimbo ndefu huja kwa vipande viwili au vitatu vinavyounganishwa. Kila ungio hilo ni mahali pa kuvuja na pa kulegea. Mimi ningechukua fupi ya kipande kimoja hata kama nguvu yake ni ndogo kidogo. Jua nalo lina lake: baada ya miaka ngozi hupoteza mng'ao na nyuzi za kioo hujitokeza na kuchoma mikono. Vaa glavu, isugue taratibu kwa maji, kisha ipake vanishi inayostahimili jua. Usitumie rangi yenye chembe za metali.

Nafasi ya nne: waya inayolishwa mwishoni

Hapa kebo inaungwa kwenye ncha ya waya, sio katikati. Waya yake hudumu sawa na ya dipoli. Nimeishusha hadi hapa kwa sababu maisha yake yote yamo ndani ya kisanduku chenye transfoma, mara nyingi ya 49 kwa 1, na kapasita ndogo. Kisanduku kikiingia maji, waya nzuri haikusaidii kitu. Kifungue kabla ya kununua, na muuzaji asiyekubali mwache. Utazame mpira wa kuzuia maji unaozunguka mfuniko wote, skrubu za chuma cha pua, na waya iliyofungwa kwenye mwili wa kisanduku ili isivute lehemu ya ndani. Kitundike konekta ikitazama chini, sio pembeni na kamwe sio juu.

Nafasi ya tano: Yagi

Mpangilio huu wa fito kadhaa zilizopangwa sambamba kwenye mhimili mmoja ulitokana na kazi ya Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi kwenye Chuo Kikuu cha Tohoku nchini Japani mwaka 1926, na bado hakuna cha kuipiku kwa mtu anayetaka kuelekeza nguvu upande mmoja. Yagi ndogo ya VHF ya bendi moja, yenye fito zilizokazwa imara kwenye mhimili, ningeiweka sambamba na faibaglasi bila wasiwasi. Iliyoishusha familia nzima ni ile kubwa ya HF (masafa ya chini, kama bendi za mita 40 na 20) ya bendi nyingi, yenye fito zinazoingiana kama mirija ya darubini, kila pachiko likiwa na kibano chake.

Alumini hujifunika ngozi nyembamba ya oksaidi. Ngozi hiyo huilinda dhidi ya hewa, lakini haipitishi umeme, hivyo kwenye kila pachiko lazima usugue hadi metali ing'ae, upake grisi maalumu ya viungio vya alumini, na ukaze hapohapo. Ukiruka hatua hii, mwaka wa pili SWR itaanza kurukaruka kila upepo unapovuma.

Kuhusu upepo, kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayoisukuma antena huongezeka mara nne. Soma kwenye kijitabu eneo lake la kushika upepo, ulinganishe na mlingoti na mota ya kuizungushia. Mota ndiyo hufa kwanza, kwa kawaida kwa sababu imebebeshwa antena kubwa kuliko uwezo wake. Upepo mwanana nao una hatari yake: fito huanza kuimba, na mtetemo huo huzichosha zikavunjika shingoni. Wakongwe hupitisha kipande cha kamba ndani ya mrija ili kuuzima, nayo inafanya kazi.

Zilizobaki

Mlingoti wa wima wa bendi nyingi wenye koili na kapasita ndani ya vifuko njiani nauweka wa sita. Kila kifuko ni nyumba ya maji na buibui, vitundu vyake lazima vitazame chini, na mlingoti wenyewe unahitaji kamba za kuushikilia hata kama maelezo yanasema hauhitaji. Wa mwisho ni ule mduara mdogo wa metali unaotuniwa kwa kapasita ya mota. Ukinzani wake wa kurusha mawimbi kwenye bendi za chini ni sehemu ndogo tu ya omu moja, kwa hiyo ungio lililochafuka kidogo linameza nguvu zako zote, na kwenye kapasita kuna maelfu ya volti ukirusha wati 100. Barazani penye paa unafaa sana. Mvuani, hapana.

Fedha iliyobaki ipeleke wapi

Ipeleke kwenye kebo. Ganda liwe la polithini nyeusi, sio plastiki laini ya kijivu. Konekta ya aina ya N imeundwa kuzuia maji. Konekta ya PL-259 haizuii, hata ukiikaza kwa koleo, hivyo lazima uizungushie mpira wa kujishikanisha: uvute hadi upungue upana nusu, anzia chini ukipanda juu ili matabaka yalaliane kama vigae, kisha juu yake tepu nyeusi ya umeme kuukinga na jua. Silikoni inayonuka siki usiisogeze hapo. Harufu ile ni asidi, na inakula shaba. Halafu kebo ishuke chini ya tundu la ukuta na kupanda tena, ili maji yadondoke pale kwenye kitanzi badala ya kuingia ndani.

Kamba iwe ya polista. Ile ya plastiki ya rangi inayouzwa kila mahali jua huifanya vumbi, na ya nailoni hurefuka mno. Ukifunga kwenye mti, weka kapi na uzito unaoning'inia, la sivyo mti ukiyumba ndio utakaoikata waya.

Antena yoyote uichague, isimame mbali na nyaya za umeme kiasi kwamba ikianguka na mlingoti wake mzima haizifikii. Hapo hakuna kukadiria kwa jicho. Mlingoti uunganishe na ardhi, na radi ikikaribia kebo iwe imeshachomolewa redioni.

Siku unayoipandisha, pima SWR kwenye masafa matatu, mwanzo, katikati na mwisho wa bendi, uandike pamoja na tarehe. Rudia mara mbili kwa mwaka, kabla na baada ya msimu mbaya. Namba zikipanda au zikihama, tafuta ungio lililolegea au waya iliyorefuka. Zikishuka na kuwa sawasawa bendi nzima bila wewe kugusa kitu, shuku kebo. Ifungue upande wa antena, ncha ibaki wazi, kisha ipime upande wa redio kwa kifaa cha kupimia antena, sio kwa kurusha. Kebo nzima itasoma SWR ya juu sana. Ikisoma 3 au 4 tu, karibu nusu ya nguvu zako inaishia njiani, nayo ni ya kubadilishwa kabla hujaipandisha antena tena.