Windows 10 Bukavu: kuivumilia au kuihama?

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025. Wenye matumaini husema mashine za sekretariati (vibanda vya kuchapa) kule Kadutu bado zinachapa barua, ziachwe. Zitawaka, kweli; ila bila mpango wa nyongeza wa Microsoft (ESU), matundu mapya ya usalama hayazibwi, na flashi za wateja zimejaa virusi. Kulazimisha Windows 11 kwenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 4, isiyokubaliwa rasmi, ni kujisumbua bure.

Uhalisia ni diski ya kasi (SSD) ya GB 240, kumbukumbu (RAM) ya GB 8, halafu Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows. Kabla ya kufuta diski, iwashe Mint kutoka kwenye flashi ujaribu printa na skana: wengi hukwama hapo, draiva (programu ya kuendesha kifaa) hakuna. Saa ya kompyuta ikipotea kila umeme ukikatika, badili kwanza betri yake ndogo ya CR2032, la sivyo tarehe itakuwa ya uongo na tovuti zitagoma kufunguka.