Mtama mweupe mzima kwa kuku wa nyumbani: ununue, lakini usiwe chakula chote

Kwa mwenye kuku kumi au ishirini uani, mtama mweupe wa dukani kwa kilo ndiyo nafaka nzima tunayoipendekeza kwanza. Unayapita mahindi mazima, ambayo punje zake ni kubwa mno kwa kuku wadogo. Na unaupita kwa mbali ule "mchanganyiko wa kuku" ambao mara nyingi ni chenga na vumbi lililofagiliwa ghalani.

Kwa Tanzania, ukipata aina iitwayo Macia, chukua. Ni mweupe, tanini yake ni ndogo, na kuku huuokota wote. Tanini ndiyo inayoleta ukakasi mdomoni. Tumboni hushikamana na protini, kuku akala akashiba bila kufaidi. Lakini usihukumu kwa rangi tu, kwani si kila mtama mwekundu una tanini. Kwangua punje kwa wembe: ukikuta utando wa kahawia iliyokolea chini ya ganda, huo usiununue.

Kipimo ni gramu 30 kwa kuku mmoja anayetaga, jioni, saa moja hivi kabla ya kuingia kulala. Kuku kumi ni gramu 300, kama mililita 400 kwenye kikombe cha kupimia. Wamwagie juu ya maranda, si kwenye chombo. Watachakura, maranda yatageuka na kukauka, na watalala gole, yaani mfuko wa chakula shingoni, likiwa limejaa. Asubuhi gole linapaswa kuwa tupu. Likiwa bado gumu, kuna kilichoziba, na mara nyingi ni nyasi ndefu au ukosefu wa changarawe. Firigisi husaga kwa mawe: kuku aliyefungiwa awekewe changarawe ya milimita 2 hadi 4 kwenye chombo chake. Bila hiyo utaziona punje nzima kwenye kinyesi, na hizo ni pesa zako.

Kwa nini tusivuke gramu 30? Kuku wa mayai hula takriban gramu 120 kwa siku. Gramu 90 za chakula chenye protini asilimia 17, ukiongeza 30 za mtama wenye asilimia 10, wastani unashuka hadi asilimia 15 na kidogo. Hapo anaweza kustahimili, hasa akipata dagaa au mashudu ya alizeti. Ukifika nusu kwa nusu, mayai yatapungua. Kalsiamu ndiyo inayoumiza zaidi: mtama karibu hauna kabisa, na anayetaga anahitaji kama gramu 4 kwa siku. Weka maganda ya chaza yaliyopondwa pembeni, ajichukulie mwenyewe. Ukisahau, utaokota mayai ya ganda laini. Kiini nacho hupauka, kwa kuwa mtama mweupe hauna rangi ya njano ya kutosha. Mchicha kila siku hulirekebisha hilo.

Vifaranga chini ya wiki nane wasipewe. Baada ya hapo anza na uliobarazwa, yaani uliovunjwavunjwa, ukiongeza kidogo kidogo kwa siku kumi hadi kumi na nne.

Dukani, nunua kwa kilo. Debe hujazwa kwa mkono wa muuzaji. Nusa: harufu ya uvundo ni ukungu, na ukungu unaweza kuleta sumukuvu, ambayo kuosha hakuiondoi. Tikisa punje kiasi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu. Chumvi ikiganda kwenye kuta, mtama haujakauka. Uliopakwa dawa ya mbegu, wa waridi au kijani, usilishe kamwe hata uuoshe mara tatu.

Kuuloweka usiku mmoja hakuna ubaya. Kuuotesha uwe majani ya kijani, kama wengine wafanyavyo kwa shayiri, tunakataza: machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi.