Uzoefu wangu na amprolium ya unga kwa tetea aliyeharisha damu

Mwezi Aprili, masika yakiwa yamekolea hapa Morogoro, tetea wangu mmoja wa miezi minne alijitenga na wenzake akasimama pembeni ya banda, amejikunyata, manyoya yamemsimama na mabawa yameshuka. Ninafuga kuku watano tu nyuma ya nyumba, kwa hiyo mmoja akizubaa ninamwona mapema. Nilimpapasa gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, nikalikuta tupu na laini, nikaondoa shaka kwamba alikuwa amemeza majani marefu yakamziba. Nilipoinama kutazama chini ya kichanja niliona kinyesi cha majimaji, chenye rangi ya udongo mwekundu, na ndani yake nyuzi za damu zilizochanganyika na utelezi.

Muuzaji wa duka moja la dawa za mifugo, bila hata kuniuliza kinyesi kina rangi gani, alinipa oksitetrasaiklini, ule unga wa njano ambao wafugaji wengi huuita OTC, akaniambia, "Hii inatibu yote, dada." Niliichanganya kwenye maji kwa siku mbili na damu ikazidi. Baadaye nilielewa kwamba OTC ni dawa ya bakteria, ilhali tetea wangu alikuwa na vimelea vya koksidia, ambavyo si bakteria. Jirani yangu, bibi ambaye amefuga kuku tangu ujana wake, aliniletea shubiri mwitu iliyopondwa, nami nikaitia kwenye maji kwa heshima yake. Ilikuwa chungu kiasi kwamba siku nzima hakuna kuku aliyekunywa, na kwa kuku anayeharisha hilo ni hatari kubwa.

Siku ya nne nilifunga kinyesi kibichi kwenye mfuko nikampelekea afisa mifugo. Swali lake la kwanza lilikuwa kama kuku wamechanjwa mdondo, yaani ugonjwa wa Newcastle, nami nikamjibu kwamba walidondoshewa tone la jicho mwezi Februari. Kisha akauliza kama kinyesi kina ukijani na kama shingo imepinda. "Mama, huu si mdondo," alisema, akanielekeza maabara, ambako mayai ya koksidia yalionekana kwa hadubini. Aliniandikia amprolium ya unga ya asilimia 20, dawa ya koksidia.

Bei ya pakiti ya gramu 100 haikufikia bei ya kuku mmoja wa kienyeji, na sina la kulalamikia hapo. Lalamiko langu liko kwenye maelekezo. Pakiti inasema gramu 120 kwa lita 100 za maji kwa kuku walio wagonjwa, kipimo kinachomfaa mwenye kuku elfu moja, wakati mimi nina dumu la lita tano. Kwa hesabu, lita tano zinahitaji gramu 6, na mizani yangu ya jikoni haisomi uzito mdogo namna hiyo. Nilikwenda kwa sonara wa mtaani, naye, baada ya kucheka vya kutosha, akanipimia vifurushi vitano vya gramu 6 kwenye karatasi, na vingine saba vya gramu moja na nusu kwa ajili ya juma la pili, ambalo dozi hushushwa hadi robo. Kampuni inayotengeneza dawa hii ingeweka kijiko kidogo cha kupimia ndani ya pakiti, wafugaji wa nyuma ya nyumba tungeacha kukisia kwa ncha ya kisu.

Unga wenyewe ni mweupe na huyeyuka mara moja bila kuacha machicha, na kuku wazima waliunywa bila kusita. Mgonjwa hakuwa na nguvu ya kufuata chombo, hivyo nilimnywesha maji yaleyale kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone baada ya tone pembeni ya mdomo, ili yasimwingie kwenye njia ya hewa. Siku ya kwanza nilifanya kosa jingine: niliongeza vitamini nilizokuwa nazo ndani. Afisa mifugo aliniamuru nimwage maji yote, akaeleza kwamba amprolium inafanana na vitamini B1, na kwamba vimelea huichukua kwa kudhani ni vitamini hiyo vikafa kwa kuikosa. Ukiwapa kuku vitamini B1 wakati huohuo, unavilisha vimelea ulivyokusudia kuviua. Vitamini nilizirudisha dozi ilipokwisha.

Damu ilikoma siku ya tatu. Kinyesi kilichukua zaidi ya juma kukaza, na nadhani mtu asiyejua hili angeiacha dawa akiona haifanyi kazi. Lakini amprolium hupiga zaidi vimelea vilivyo katika hatua za mwanzo, na utumbo uliokwisha kuchubuka unahitaji siku zake za kupona. Upanga wake wa kichwani, uliokuwa umepauka kama karatasi, ulianza kurudi na wekundu karibu siku ya kumi, na siku hiyo ndiyo aliyomfukuza mwenzake kwenye pumba.

Ningeinunua tena, ila si kwa kukisia, na si bila kushughulikia banda. Mayai ya vimelea yakipata joto na unyevu huwa tayari kuambukiza ndani ya siku moja au mbili, na dawa nyingi za kusafishia hayazisikii. Maranda yangu yalikuwa yamelowa kwa sababu bati lilivuja juu ya chombo cha maji. Niliyaondoa yote nikayachoma, nikaziba bati, nikaacha sakafu ikauke kwa jua la siku mbili, nikaweka maranda mapya na kuinua chombo cha maji juu ya tofali.

Unga uliobaki, kama gramu 59, nimeuhamishia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko na kuandika juu yake tarehe niliyoufungua na ile ya mwisho wa matumizi, kwa sababu pakiti yenyewe ikishakatwa haifungiki tena.